UPS ya seva ya nyumbani haikuundwa kushinda giza

Umeme ulipopotea kote nchini mnamo Agosti 25, 2023, maeneo mengi yalikesha gizani. UPS ya kawaida, ile betri ya akiba inayowekwa chini ya meza, haingeiwezesha seva ya nyumbani kuhimili usiku huo, wala haikuundwa kwa kazi hiyo.

Wanunuzi wengi hupotoshwa na maandishi ya kwenye boksi. VA 650 ni kipimo cha mzigo ambao kifaa kinaweza kubeba, si muda kitakaoubeba. Muda umo katika betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, inayotumiwa katika UPS nyingi ndogo, huhifadhi wati-saa 84 pekee. Seva, swichi na ruta zikitumia wati 80 kwa jumla, hesabu ya karatasini ni saa moja. Lakini betri ya risasi ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu, na kiasi kingine hupotea katika kugeuza mkondo. Apataye nusu saa ashukuru.

Nusu saa hiyo yatosha, mradi UPS iunganishwe na seva kwa waya wa USB, ili programu iiamuru seva ijizime taratibu kabla ya betri kuisha. Bila waya huo, ambao aghalabu huachwa ndani ya boksi, diski hukatizwa ikiandika na faili huweza kuharibika.

Betri yenyewe hudumu takriban miaka 3 hadi 5. Kabati lenye joto huifupishia umri. Anayetaka tu intaneti isikatike ni heri aitengee ruta betri yake ndogo, kwani ruta nyingi hutumia volti 12.