Daftari Tunazo, Habari Zi Wapi?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lau wangefufuka leo na kuzuru mashirika yetu ya hisani, yamkini wangelazimika kuigeuza methali yao. Daftari tunazo tele, tena zimejazwa hadi pambizoni. Kilichopotea ni habari yenyewe.

Niliyawaza haya nilipokuwa Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, ambako hifadhi husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kikundi kimoja cha hisani, ambacho huwagawia majirani wa msitu miche pamoja na meko yanayotumia kuni chache, kilinialika nikitafsirie hojaji mpya. Ofisini nilionyeshwa kabati lililosheheni hojaji kuukuu zilizofungwa kwa kamba. Nikauliza zimewafunza nini. Katibu akatabasamu kwa haya. "Mwalimu," akasema, "sisi huzijaza, wafadhili huzisoma."

Nikaiweka kando kazi ya kutafsiri, tukaketi kuzisoma. Swali moja lilitaka kujua familia hutumia mizigo mingapi ya kuni kwa juma. Majibu yalikuwa yamejumlishwa, yakagawanywa, na wastani ukapatikana. Lakini mzigo ni nini? Mzigo wa mama kichwani si mzigo wa baiskeli, wala si ule wa mtoto atokaye shuleni. Wastani wa namna hiyo, hata ukipigwa kwa kompyuta ya bei ghali, ni sawa na kujumlisha mbuzi na mayai.

Neno "nyumba" lilikuwa limezua balaa kubwa zaidi. Katika boma moja la kwetu mna nyumba ya baba, nyumba za wana waliooa, na pengine kibanda cha bibi. Wadadisi wengine walihesabu boma zima kuwa nyumba moja, ilhali wenzao walihesabu kila paa. Kwa sababu hiyo Kukhu mmoja, kama tuwaitavyo akina bibi huku, aliandikwa chini ya jina la mwanawe ingawa hujipikia peke yake. Mwana akapata jiko, bibi akakosa. Alipotuona tukiingia na kalamu mkononi, alituuliza: "Mwalimu, hii ni mara ya nne naulizwa habari za mafiga yangu. Wale waliotangulia waliyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hata hivyo, swali lake ndilo chemchemi ya nasaha ninazozitoa hapa kwa kila kikundi chenye kabati kama lile.

Kwanza, uamuzi utangulie swali. Kabla ya kuuliza lolote, kikundi kijiulize: jibu hili litabadili nini katika kazi yetu? Iwapo halitabadili chochote, swali lifutwe. Hojaji ya maswali manane yanayotumika ni bora kuliko ya themanini yanayolala kabatini.

Pili, kila kikundi kiwe na kamusi yake, walau ukurasa mmoja. Humo ifafanuliwe "kaya" ni nini na "mzigo" una uzito gani kwa mizani. Sensa ya Kenya ya 2019, iliyohesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, haikuhesabu mapaa; ilitazama, pamoja na mambo mengine, ni nani wanaopika na kula pamoja. Aidha, "mche uliopandwa" usichanganywe na "mti uliopona". La kwanza humfurahisha mfadhili. La pili ndilo humfaa Kukhu na msitu wake.

Tatu, kila kaya ipewe nambari moja isiyobadilika, ili hojaji ya mwaka huu iweze kusimama kando ya ile ya mwaka jana. Bila nambari hiyo, kila mwaka huwa kisiwa.

Nne, takwimu zichorwe. Najua nitaambiwa kuwa vikundi vyetu havina wataalamu wala mitambo. Mnamo 1854 daktari John Snow alichunguza vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, na ramani yake ikaonyesha vifo vikisongamana karibu na bomba moja la maji. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na swali, idadi na ramani. Karatasi ya manila, kalamu ya rangi na mtu aijuaye Buyangu kijiji kwa kijiji vyatosha kwa kuanzia.

Tano, siri za watu zilindwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikutungwa kwa ajili ya mabenki pekee. Orodha ya majina ya mayatima au wagonjwa haifai kubandikwa ukutani wala kuachwa katika kabati lisilo na kufuli.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, majumlisho yarudishwe kwa wenyewe barazani. Tulifanya hivyo Buyangu. Tulihesabu upya kwa mafiga, kila moto uwakao ukawa kaya moja, kisha tukatundika mchoro chini ya mti bila jina la mtu. Wenyeji waliukosoa papo hapo: upande mmoja wa kijiji tulikuwa tumeuruka kabisa. Hakuna mtaalamu wa mjini ambaye angaliiona kasoro hiyo.

Kukhu alikuwepo. Aliuliza alama yake ni ipi, akaonyeshwa, akaigusa kwa kidole. Hakutushukuru. Alisema tu kwamba sasa anangoja jiko. Naye ana haki kungoja, kwa maana anayehesabiwa hutudai. Tusipokuwa tayari kulipa deni hilo, heri kalamu zetu tuziache nyumbani.