Jua halimsubiri bibi harusi

Maharusi wanaokuja kunihoji kabla ya kunipa kazi huuliza karibu wote mambo mawili: unatumia kamera gani, na utatupa picha ngapi. Swali ambalo lingewafaa zaidi, yaani tutoke kanisani saa ngapi, huulizwa na wachache mno.

Dar es Salaam, mwaka mzima, jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Likishazama, una dakika 20 hivi za mwanga unaofaa, basi, kwa sababu karibu na ikweta jua hushuka wima. Sasa tazama Jumamosi yetu ya kawaida. Ibada imepangwa saa 8 mchana. Bibi harusi bado yuko saluni, ibada inaanza saa 9 na kwisha saa 11 kasoro. Nje ya kanisa kila shangazi anataka picha, tena mara mbili, maana ya kwanza alifumba macho. Halafu foleni. Mnafika ufukweni saa 12 na nusu, na siku ya kupokea albamu mnaniuliza mbona bahari haionekani.

Ratiba ya picha hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka machweo. Kamati hukaa vikao vingi juu ya michango, ukumbi na chakula. Mpiga picha aitwe japo kikao kimoja, kabla kadi hazijachapwa. Na picha za ukoo ziwe na orodha, mikononi mwa ndugu mmoja mwenye sauti. Mimi simjui baba mdogo wenu, wala siwezi kumwamuru mama mkwe asogee.

Kuhusu ufukwe, kuna ombi naletewa kila msimu: picha ya kwenye simu, wapenzi wawili weusi kama vivuli, nyuma yao jua jekundu likizama baharini. Wanaitaka Coco Beach au Kigamboni. Fukwe hizo zinatazama mashariki. Jua letu huzama nchi kavu, juu ya majumba. Anayeitaka picha hiyo aende Forodhani, Unguja, au aje Coco Beach alfajiri, na bibi harusi wa kukubali hilo bado simjui. Jioni ufukwe wetu una faida yake nyingine: ukisimama na bahari mgongoni, mwanga laini unakupiga usoni.

Mchana ndio kazi ngumu. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri hapa Dar hupita utosini kabisa, na macho yote hugeuka mashimo meusi. Watu hukimbilia chini ya mwembe. Mwanga uliochujwa na majani huja na ukijani wake, na ukijani huo hutua kwenye shela na kwenye mashavu. Afadhali baraza la nyumba yenye ukuta mweupe.

Kamera nayo ina ujinga wake. Hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, inaamini mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama gizani. Suti nyeusi ikijaa, inafanya kinyume, na gauni linaungua likawa doa jeupe lisilo na hata ua moja la lesi. Fundi hupima usoni huku akililinda gauni. Kwa hiyo msichague mtu kwa picha 20 nzuri alizozibandika mtandaoni. Mwombeni harusi moja nzima, mwanzo hadi mwisho, na mkague zaidi zile za ukumbini usiku. Hapo taa za zambarau huua rangi ya ngozi, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mwambieni mtu wa taa awashe taa nyeupe kwenye meza kuu wakati wa keki. Baada ya hapo apake zambarau atakavyo.

Kwa harusi za Kiislamu za pwani, zenye sherehe ya wanawake peke yao, kila mtu anajua kwamba mpiga picha awe mwanamke. Kinachosahaulika ni safari ya picha baadaye. Nani anazisafisha kwenye kompyuta? Nani anachapa albamu? Nimeshaona bibi harusi aliyefichwa ukumbini kwa uangalifu mkubwa, kisha picha zake zikafunguliwa kwenye kioo cha duka la kuchapa, wapita njia wakitazama.

Hayo yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na ruhusa ya kuweka picha mtandaoni, tarehe ya kukabidhi, na muda ambao mpiga picha atazitunza. Wengi wetu hatuzitunzi milele. Diski hujaa na hufa. Siku mkikabidhiwa, nakilini mara mbili, nakala moja ikae kwa wazazi.