Mwenye Kumchochea Mtoto Ajiue

Mtoto anapojiua, watu hukusanyika, maiti huzikwa, matanga huanuliwa, na mazungumzo hukomea kwenye kusema kwamba hayo yalikwisha andikwa. Ni wachache wanaouliza: katika siku zake za mwisho, mtoto huyu alikuwa akisema na nani, na aliambiwa nini?

Swali hilo lisiachwe makaburini. Mtu mzima, awe mzazi, mlezi, mwalimu au mgeni anayezungumza na mtoto kwa simu usiku wa manane, akimkazania mtoto aliyevunjika moyo kwamba hana faida duniani na afadhali afe, ametenda jinai. Mkono wake haukugusa kitu, lakini ulimi wake umefanya kazi ya mkono.

Sheria inalijua jambo hili. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, mwenye kumshauri mwenzake ajiue, na kwa ushauri huo akamfanya ajiue, aweza kufungwa maisha. Lakini kifungu hicho hakimtaji mtoto. Sheria ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo katika zama za ukoloni ilitumika pia hapa Visiwani, ilimtenga aliye chini ya miaka 18: aliyemchochea huyo aliweza kuhukumiwa kifo au kifungo cha maisha, ilhali kwa aliyemchochea mtu mzima kifungo hakikuzidi miaka 10. Sheria mpya ya India, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, imeishika njia hiyo hiyo. Na Uingereza, kwa marekebisho yaliyopitishwa 2009, mchochezi ana hatia hata kama aliyechochewa hakujiua.

Hapo ndipo penye uzito. Mtoto aliyenusurika ndiye shahidi wa kwanza. Yeye ndiye aijuaye sauti iliyomsukuma. Lakini huko Bara, kujaribu kujiua nako ni kosa. Mtoto akihofu kwamba akifungua kinywa atajitia hatiani, atanyamaza. Na akinyamaza, mchochezi atabaki huru kumtafuta mwingine. Nchini Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kunapingana na Katiba. Hilo ni funzo kwa jirani.

Hatuombi kila neno la hasira lipelekwe mahakamani. Mzazi aliyeghadhibika akatamka neno baya, kisha akajuta, si sawa na aliyekusudia. Kusudi na lithibitishwe. Tunalowaomba wakuu wa sheria, Bara na Visiwani, ni mambo mawili: mchochezi wa mtoto apate adhabu yake hata mtoto akipona, na mtoto aliyepona apelekwe kwa daktari, asipelekwe rumande.

Nasi wananchi tusingoje sheria. Mtoto akijitenga na wenziwe, akasema amechoka kuishi, tumkalishe, tumsikilize, tumfikishe hospitali. Kumwuliza si kumtia wazo la kufa. Ni kumwonyesha kwamba yuko anayetaka aishi.