Somo la tauni kwa milima inayoporomoka

Kwa zaidi ya miaka 20, panya aliyekutwa amekufa ndani ya nyumba huko Shume alikuwa habari ya kupelekwa zahanati. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Lushoto iliandamwa na tauni, na Shume ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Wilayani kote waliugua watu zaidi ya 7,000 na kufariki zaidi ya 600, wanawake na watoto wakiguswa zaidi kuliko wanaume.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipanda milima kuchunguza panya na viroboto, nazo zahanati zikapata dawa. Lakini sehemu kubwa ya vita ilipiganwa majumbani. Watu walihimizwa kulala kitandani, si sakafuni kwenye viroboto. Kutenga mahindi na chumba cha kulala. Kutoa taarifa panya wakianza kufa. Na kumwahisha hospitali mgonjwa mwenye homa na mtoki. Tauni haikuondoka kwa sababu moja, ila iliwaachia watu wa Shume elimu ambayo wilaya nyingi hazina: wanajua kusoma dalili ndani ya nyumba na kuifikisha mbele kabla msiba haujaingia.

Elimu hiyo inahitajika sasa kwa hatari nyingine. Shume iko juu ya Milima ya Usambara Magharibi, ukingoni mwa genge linaloshuka hadi tambarare ya Mkomazi. Viazi, kabichi na karoti hulimwa kwenye miteremko mikali, na nyumba nyingi husimama kwenye viwanja vilivyopatikana kwa kuchimba ubavu wa mlima. Masika au vuli ikizidi, udongo hulowa, huwa mzito, kisha huachia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto kupitia Soni hufukiwa na kifusi mara kwa mara. Ikifungwa, mboga huozea njiani, na mjamzito anayehitaji hospitali kubwa hubaki juu.

Wenzetu wamekwisha kulipa gharama ya maporomoko haya. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika milima ya Upare wilayani Same, maporomoko ya Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya 20. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliishukia Katesh na vijiji vya jirani, wakafariki watu 89. Aprili 2024 Serikali ililieleza Bunge kwamba mvua za msimu huo zilizoambatana na El Nino zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imetangaza miezi kadhaa kabla kwamba vuli ya 2023 ingekuwa na mvua nyingi. Taarifa ilikuwepo. Kilichopungua ni njia ya kuigeuza taarifa ya nchi nzima kuwa uamuzi wa nyumba moja iliyo chini ya mteremko mmoja.

Kinga ya kwanza ni msitu wa mlima wenyewe. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu huko Mgeta, milima ya Uluguru, ikasababisha maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti walipoyakagua walikuta karibu yote yameanzia kwenye mashamba na nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Kwa Shume, basi, msitu wa asili wa Magamba ni ukuta wa usalama wa wakazi, na kila mti unaoangushwa kwenye korongo unaubomoa ukuta huo.

Usambara pia ina historia ya kuhifadhi udongo kwa njia mbili tofauti. Kuanzia mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wao katika bonde la Mlalo, wakaueneza milimani na kuwalazimisha watu kulima kwa matuta, huku mkaidi akiadhibiwa. Wakulima waliupinga, na kabla ya Uhuru ulikuwa umekufa. Mwaka 1981 ulikuja mradi wa SECAP uliofadhiliwa na Ujerumani. Ulihimiza kupanda majani ya Guatemala na mabingobingo kufuata makontua, pamoja na miti shambani. Mistari ile ya majani ilishika udongo, ikalisha na ng'ombe wa zizini. Maandalizi yanayomlipa mkulima kila siku hudumu. Yale yanayomlipa siku ya maafa tu huachwa upesi.

Upande wa sheria, nchi haijalala. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kutoka taifa hadi kijiji. TMA nayo hutoa tahadhari kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Lakini kamati ya kijiji isiyo na kipimamvua, orodha ya kaya zilizo kwenye hatari wala jengo lililokubaliwa la kuhifadhi watu ni jina kwenye karatasi. Halmashauri inapaswa kutenga fedha za vitu hivi kabla ya mvua, kwa kuwa kujenga upya ni ghali mno. Baada ya Hanang, waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Ni jambo la kushukuru, lakini nyumba hazirudishi waliofukiwa.

Nayo kaya ina yake ya kufanya. Mfereji wa kukinga maji uchimbwe juu ya nyumba, usafishwe kabla ya masika na vuli. Ubavu wa mlima nyuma ya nyumba usichimbwe wima. Vitambulisho, kadi za kliniki na hati za shamba zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, simu iwe na chaji, na mbegu za msimu ujao zigawanywe na kuwekwa sehemu mbili. Watoto wafundishwe dalili: ufa mpya ardhini juu ya nyumba, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, mti au nguzo iliyoanza kuinama, chemchemi iliyotoka pasipokuwa na maji, mto unaopungua ghafla huku mvua ikiendelea. Dalili hizi ndizo panya wa tauni wa zama hizi. Anayeziona aondoke na watu wake kwanza, kisha atoe taarifa. Akikosea, atakuwa amepoteza usingizi wa usiku mmoja.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule unaotangulia mvua ujibu maswali manne, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari: kaya zipi zitahama kwanza, zitalala shule, msikiti au kanisa gani, nani atawabeba wazee na wagonjwa, na nani ana mamlaka ya kupiga kengele usiku bila kusubiri simu kutoka wilayani. Kijiji chenye majibu hayo ndicho kilichojiandaa. Kisicho nayo kiitishe mkutano huo sasa, kisha msaragambo wa kuzibua mifereji ufuate.