Ruta Huulizana Njia

Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenda Mwanza ana njia mbili. Atapanda meli moja kwa moja, au atakwenda Rugezi, avuke kwa kivuko hadi Kisorya, kisha ashike barabara ya Bunda. Hahitaji ramani ya Kanda ya Ziwa nzima. Anauliza walio jirani.

Ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data kwenye intaneti, nazo huulizana. Hakuna ofisi kuu inayoziamuru. Kila ruta ina jedwali: mahali pa kufika, umbali, na jirani wa kupitia. Humpa jirani jedwali hilo. Naye huongeza umbali wa kumfikia mwenzake, hulinganisha, kisha hubaki na njia fupi. ARPANET, mtandao ulioanza Marekani mwaka 1969, ulitumia utaratibu huu.

Taabu huja njia inapokatika. Tuseme vituo hivi ni ruta: Nansio hadi Mwanza ni saa 3 kwa meli, na Rugezi hadi Nansio ni saa 1. Rugezi imeandika: Mwanza, saa 4, kupitia Nansio. Siku hiyo meli haiondoki, na kivuko cha Kisorya hakivuki. Nansio inauliza, Rugezi inajibu: "Kwangu ni saa 4." Nansio inaandika 5, haijui kuwa njia hiyo inapita kwake yenyewe. Rugezi inaandika 6, Nansio 7, hesabu inapanda bila mwisho. Pakiti, yaani vifurushi vya data, zinapigwa danadana, Mwanza hazifiki.

Dawa zilipatikana. Itifaki ya RIP, yaani kanuni za ruta kupeana njia, iliweka kikomo cha hatua 15 za kutoka ruta hadi ruta; ya 16 maana yake hakuna njia. Mwaka 1979 ARPANET ilibadili utaratibu: kila ruta itangazie mtandao mzima hali ya viungo vyake, kisha kila moja ijichoree ramani na kutafuta njia fupi kwa kanuni ya mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra. BGP, itifaki inayounganisha mitandao ya dunia, hutaja njia nzima. Mtandao ukikuta jina lake humo, huikataa njia hiyo.

Lakini kanuni haijengi njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini Tanzania. Njia zilizobaki hazikutosha kubeba mzigo wote, hata ruta zingekuwa hodari namna gani.

Wakazi wa Ukerewe wanalijua hilo: meli isipoondoka, kinachookoa safari ni kivuko cha pili. Tunapopanga mawasiliano ya taifa, tusihesabu kasi peke yake. Tuhesabu na njia.