Njiwa wa Skinner na Mvuto wa Mitandao ya Kijamii

Mwanafunzi hufungua mtandao wa kijamii kwa nia ya kusoma ujumbe mmoja tu, na anapoinua macho huona kwamba saa nzima imepita. Je, huo ni udhaifu wake peke yake? Katika makala haya tutaeleza kwamba sehemu ya sababu imo katika jinsi mitandao hiyo ilivyoundwa.

Mitandao ya kwanza ilikidhi haja ya kweli, kwani binadamu hupenda kujua habari za wenzake. SixDegrees, ulioanzishwa Marekani mwaka 1997, uliwawezesha watu kuorodhesha rafiki zao. Baadaye zilikuja Friendster na MySpace, na tarehe 4 Februari 2004 Facebook ilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Siku hizo, aliyetaka habari za rafiki zake alifungua ukurasa wa kila mmoja wao; alipomaliza, aliondoka.

Mwezi wa Septemba 2006 Facebook ilianza kukusanya habari za marafiki wote katika ukurasa mmoja, na mwezi wa Februari 2009 ikaongeza kitufe cha kuonyesha kupendezwa. Tangu hapo, aliyeweka picha alikuwa na sababu ya kurudi mara kwa mara kuhesabu waliopendezwa.

Nguvu ya mabadiliko hayo huelezwa vizuri na majaribio ya B. F. Skinner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani. Njiwa aliwekwa ndani ya sanduku lenye kitufe. Alipokidonoa, alipata chakula. Chakula kilipotolewa baada ya kudonoa mara zisizotabirika, njiwa alidonoa kwa kasi karibu bila kutua. Hata chakula kilipokatizwa, aliendelea kwa muda mrefu kuliko njiwa aliyezoea kulipwa kila mara. Mwaka 1957 Skinner na mwenzake C. B. Ferster walichapisha kitabu juu ya majaribio ya aina hiyo.

Mtumiaji wa mtandao naye mara hukuta salamu, mara hakuti kitu, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha. Hasara yake kwa mwanafunzi ni kukatizwa: akili inapoacha hesabu na kuirudia, huhitaji muda wa kukumbuka hatua iliyoachwa.

Hata hivyo, tofauti na njiwa, binadamu aweza kuitambua kanuni inayomvuta. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wenye simu jaribio hili. Kwa siku tatu, kila mmoja aandike kila mara anapofungua mtandao, na kama alikuta jambo la maana. Kwa siku tatu zinazofuata, azime milio na taarifa za simu, na aufungue mtandao baada ya kumaliza kazi ya shule tu. Kisha darasa lichore jedwali na kulinganisha hesabu za vipindi hivyo viwili. Kila mwanafunzi ataweza kuona ni mara ngapi alirudi bure.