Mbia akifariki, biashara huenda ikazikwa naye

Mfanyabiashara wa humu nchini hukata bima ya gari kwa kuwa sheria yamlazimu, na bima ya duka kwa kuhofia moto na wezi. Ni nadra kumkuta aliyekata bima kwa ajili ya wanaoliendesha duka lenyewe: mbia mwenzake, au fundi mkuu ambaye wateja humfuata popote aendapo.

Sheria ya Uingereza ya 1890, iliyo chimbuko la sheria za ubia nchini Kenya, ilisema ubia huvunjika mbia mmoja anapokufa, ila wahusika wawe wamekubaliana vingine. Wengi hawana makubaliano yoyote ya maandishi. Walianza kwa kuaminiana, basi.

Tuseme wawili wanamiliki duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru lenye thamani ya Sh6 milioni, nusu kwa nusu. Mmoja akifariki, Sh3 milioni ni haki ya warithi wake. Lakini fedha hizo hazimo benki. Zimo katika saruji, mabati na madeni ya wanakandarasi. Mjane ana karo ya kulipa na hawezi kungoja. Aliyesalia atauza bidhaa kwa hasara, atakopa, au atampokea dukani mbia asiyemchagua. Isitoshe, Sheria ya Urithi hairuhusu mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini, na kwa kawaida miezi sita hupita tangu mahakama imteue msimamizi kabla uteuzi huo kuthibitishwa na mali kugawanywa.

Hapa ndipo bima ya maisha hufaa. Kila mbia hukata bima ya maisha ya mwenzake kwa kiasi kinacholingana na fungu lake. Kifo kikitokea, kampuni ya bima humlipa aliyesalia, naye hulinunua fungu hilo kutoka kwa warithi. Wabia wawili huhitaji bima mbili, watatu, sita, wanne, kumi na mbili. Ndiyo maana penye wengi ni afadhali bima za wote ziwekwe chini ya mdhamini mmoja.

Hata hivyo, bima bila mkataba ni chanzo cha ugomvi. Pasipo maandishi, aliyesalia aweza kuzitia mfukoni fedha hizo akidai ndiye aliyekuwa akizilipia. Mkataba utamke wazi kwamba lazima anunue, warithi lazima wauze, na bei itapimwa vipi. Ada ya wakili ni ndogo ikilinganishwa na kesi ya miaka mingi.

Kwa mfanyakazi muhimu, utaratibu ni mwingine. Kampuni ndiyo hulipia bima, nayo ndiyo hupokea fidia ili iajiri mwingine na kutuliza wadai. Familia ya mfanyakazi haipati kitu hapo, kwa hivyo aelezwe mapema na atoe idhini. Asifiche maradhi anapojaza fomu, kwani kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa.

Bima ya muda maalumu, mathalan miaka kumi, huwa nafuu kuliko ya maisha yote. Ulizia pia kuhusu ulemavu: mbia aliyepooza haleti fidia ya kifo, ilhali kazi yake imesimama. Na kiasi cha bima kiangaliwe upya kila mwaka, kwani duka la Sh6 milioni leo laweza kuwa la Sh10 milioni baadaye.